Tiba ya maji: Jua unacholipia kabla hujafungua kibeti

KWA mtu ambaye polio ilimpooza mguu angali mtoto, au ambaye magoti yake yameharibiwa na baridi yabisi, hatua kumi za kutoka kitandani hadi mlangoni ni safari. Mtu huyo huyo akiingizwa katika maji ya vuguvugu yanayomfika kifuani, aghalabu husimama bila gongo, na pengine akatembea. Wanaomtazama kutoka kandoni hudhani wameona muujiza, kumbe kilichobadilika ni uzito tu: maji yamembebea sehemu kubwa ya mwili wake.

Hiyo ndiyo tiba ya maji. Madaktari huipendekeza kwa wagonjwa wa kiharusi, watoto wenye mtindio wa ubongo, watu walioumia uti wa mgongo na wazee wenye maumivu ya nyonga na magoti. Shida huanza mgonjwa anapotoka kwa daktari na kijikaratasi chake mkononi. Vidimbwi vyenye maji ya moto na mtaalamu ni vichache humu nchini, malipo ni ya kila kikao, na nauli ya kufika huko ni juu yako. Wapo wanaokunja kile kijikaratasi wakakitia mfukoni, na mambo yakaishia hapo. Wapo pia wanaokopa kwenye chama au kuuza mbuzi nyumbani, wakalipia vikao vitatu au vinne, pesa zikaisha kabla mwili haujaanza kuona tofauti. Hawa wa pili ndio wanaosikitisha zaidi, kwa maana pesa wametoa na faida hawakuiona.

Ulemavu wa kudumu haumalizwi na vikao vinne. Anayeishi nao anahitaji mpango anaoweza kuumudu mwaka nenda mwaka rudi. Ili aupate, ni sharti kwanza ajue ni nini hasa kinachouzwa katika tiba hii, na ni sehemu gani ya bidhaa hiyo anaweza kuipata kwingine kwa bei nafuu au bila malipo.

Maji hufanya kazi gani?

Mtu aliyezama hadi shingoni hubakiwa na takriban asilimia 10 tu ya uzito wake miguuni. Maji yakimfika chini kidogo ya kifua, humpunguzia karibu thuluthi mbili ya uzito, na yakimfika nyonga humpunguzia karibu nusu. Kwa hivyo mama wa kilo 80 anayesimama katika maji ya kifuani huyatwika magoti yake mzigo usiofika kilo 30. Viungo ambavyo havingestahimili hatua tano barabarani sasa vinaweza kufanya mazoezi kwa dakika ishirini.

Jambo la pili ni kwamba maji hukataa kusukumwa. Ukiyasukuma polepole hukuachia, ukiyasukuma kwa nguvu nayo hukurudishia nguvu. Mgonjwa hujipimia mzigo mwenyewe bila kuhitaji vyuma vya kuinua. Tena mtu akipoteza mizani majini huanguka polepole, na hupata nafasi ya kujirekebisha. Kwa aliyepatwa na kiharusi na ambaye hofu ya kuanguka imemfunga kitini kwa miezi, hilo peke yake ni jambo kubwa.

La tatu ni joto, na hapa ndipo gharama hutoka. Maji huuchota mwili joto lake mara 25 hivi kwa wepesi kuliko hewa. Kijana anayeogelea kwa kasi hutengeneza joto lake mwenyewe, kwa hivyo maji ya nyuzi 24 humtosha. Mtu anayesogeza mguu mmoja polepole huku ameshika ukingo hana joto hilo. Katika maji hayo hayo ataanza kutetemeka baada ya dakika chache, misuli itakaza, na ikiwa alikuwa na misuli inayojikunja yenyewe, itajikunja zaidi. Ndiyo maana vidimbwi vya tiba huwekwa kati ya nyuzi 33 na 36. Wagonjwa wachache huhitaji kinyume chake. Wenye ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao maltipo sklerosisi huchoka vibaya kwenye joto, na wao hufaidika zaidi na maji ya nyuzi 27 hadi 29.

Je, faida yenyewe ni kubwa kiasi gani? Mwaka wa 2016 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kuchuja matokeo ya utafiti wa tiba, lilichapisha mapitio ya tafiti 13 kuhusu mazoezi ya majini kwa watu wenye ugonjwa wa viungo vya magoti na nyonga. Zaidi ya wagonjwa 1,100 walihusika. Matokeo yalikuwa kwamba maumivu yalipungua kidogo, na uwezo wa kufanya shughuli uliongezeka kidogo, katika kipindi cha mara tu baada ya mazoezi kumalizika. Msomaji alitazame neno hilo "kidogo" bila kukata tamaa. Kwa mtu asiyelala usiku kwa maumivu, kidogo ni kitu. Lakini yeyote anayekuambia kwamba atakuponya kwa maji, na huku anataka malipo ya vikao ishirini kwa mpigo, mkimbie.

Yafaa kusemwa pia kwamba kwa anayeweza kusimama na kutembea, mazoezi ya nchi kavu yakifanywa vizuri humpa karibu faida ile ile. Maji huwafaa zaidi wale ambao nchi kavu imewashinda: wenye uzito mkubwa na magoti mabovu, wenye miguu dhaifu isiyobeba mwili, na watoto ambao viungo vyao vimekaza.

Tajiri aliyenunua chemchemi

Habari ya Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, inafaa kukumbukwa hapa. Alipooza miguu mwaka wa 1921 akiwa na umri wa miaka 39, na madaktari wakasema ni polio. Mwaka wa 1924 alifika Warm Springs katika jimbo la Georgia, mahali penye chemchemi ya maji ya nyuzi 31 hivi, akagundua kwamba majini aliweza kusimama. Miaka miwili baadaye alikinunua kituo chote kwa takriban dola 200,000, pesa ambazo zilikuwa sehemu kubwa ya mali yake.

Aliogelea hapo miaka mingi, mabega na kifua vikawa na nguvu, lakini hadi alipofariki mwaka wa 1945 hakupata tena kutembea bila vyuma na mtu wa kumshika. Maji yalimpa nguvu na furaha. Miguu hayakumrudishia.

Jambo alilofanya baadaye ndilo lenye manufaa kwetu. Alijua kwamba wagonjwa wengine hawakuwa na mali kama yake, kwa hivyo mwaka wa 1927 akaunda wakfu wa kuwatibu, na mwaka wa 1938 ukaanzishwa mfuko wa taifa ambao watu wa kawaida waliutumia sarafu za senti kumi kumi. Sisi tungeiita harambee. Hata hivyo, wagonjwa weusi hawakukubaliwa Warm Springs enzi hizo, na mwaka wa 1941 wakafunguliwa kituo chao huko Tuskegee, Alabama. Tangu zamani, basi, swali la tiba hii limekuwa ni nani anayeruhusiwa kuingia majini, na nani analipa.

Kwa nini ni ghali?

Tupige hesabu. Kidimbwi kidogo cha tiba chenye urefu wa mita 6, upana wa mita 4 na kina cha mita 1.2 hubeba lita karibu 29,000. Maji yakitoka bombani Nairobi yakiwa nyuzi 20, kuyafikisha nyuzi 34 kunataka takriban yuniti 470 za stima. Tuseme yuniti ni shilingi 25. Hizo ni karibu shilingi 12,000 za kupasha moto mara moja tu, na kila usiku joto hupotea, hasa kidimbwi kisipofunikwa. Ongeza dawa ya kusafisha maji, pampu, mshahara wa mtaalamu na wa mlinzi wa waogeleaji, kisha uone kama mwenye kidimbwi anaweza kukutoza shilingi mia mbili.

Hesabu hiyo inatufundisha mambo mawili. Kwanza, bei hushuka watu wanapogawana maji. Stima inayotumika ni ile ile, awe ndani mgonjwa mmoja au sita. Ukiulizia bei ya kikao, usisahau kuuliza bei ya kikundi. Mara nyingi haijabandikwa ukutani, na karani hatakutajia usipomwuliza. Pili, katika malipo yako kuna vitu viwili tofauti vilivyofungwa pamoja: maji ya moto, na ujuzi wa anayekuelekeza. Vitenganishe. Ujuzi unahitaji kuununua mara chache tu. Maji ndiyo utakayoyahitaji kila wiki.

Nunua ujuzi kwanza

Nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia aliyesajiliwa. Tangu sheria ya mwaka wa 2014, wataalamu hawa husajiliwa na baraza lao, na una haki ya kuomba kuona cheti cha mwaka huu. Anayekanda watu mgongo sokoni huenda ana mikono mizuri, lakini hajui moyo wako utafanya nini ukizama hadi shingoni. Hospitali nyingi za kaunti zina idara ya fiziotherapia, na malipo yake huwa nafuu kuliko ya kliniki za kibinafsi. Hata kama hawana kidimbwi, wanaweza kukupima na kukuandikia mazoezi.

Mwambie wazi kutoka siku ya kwanza: "Nina pesa za vikao vinne. Nataka mwisho wake niwe na mazoezi sita au saba ninayoweza kuyafanya mwenyewe, na mtu wangu wa nyumbani ajue kunisaidia." Mtaalamu mwema hatachukizwa na maneno hayo. Atapanga kikao cha kwanza kuwa cha kukupima, cha pili na cha tatu kuwa vya kufundisha, na cha nne kuwa cha kukutazama ukifanya mwenyewe. Baada ya miezi mitatu utarudi kwake mara moja akurekebishe. Mwombe ayaandike mazoezi na kuyachora. Karatasi hiyo itie ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe.

Usiende peke yako. Mchukue mume, mke, binti au ndugu atakayekuwa akikusindikiza siku zote, naye aingie majini afundishwe jinsi ya kukushika. Hili si jambo dogo. Mwaka wa 1949 mhandisi mmoja wa London, James McMillan, alianza kuwafundisha kuogelea wasichana wenye ulemavu wa shule iliyoitwa Halliwick. Alitupilia mbali maboya ya kuelea kwa kuwa yaliwavuruga mizani, na mahali pake akamweka mtu mmoja kwa kila msichana. Kwanza alizoesha pumzi, kisha mizani, kisha kujigeuza na kusimama tena, mengi ya hayo kwa michezo. Njia yake sasa hutumika katika nchi nyingi. Kwa sisi tusio na pesa, uzuri wake ni kwamba kifaa kikuu ni mtu mwenye subira aliyefundishwa, na mtu huyo huenda tayari mnaishi naye nyumba moja.

Nani asiingie?

Kabla ya yote hayo, daktari akupime. Maji yanapokubana mwili mzima husukuma damu nyingi kuelekea moyoni. Mwenye moyo dhaifu, au shinikizo la damu lisilodhibitiwa, anaweza kuzidiwa humo humo. Mwenye kifafa kisichotulia asiingie hadi dawa zimshike. Kidonda kilicho wazi, ugonjwa wa ngozi unaoambukiza, homa, kuhara na maambukizi ya njia ya mkojo ni sababu za kungoja.

Walioumia uti wa mgongo sehemu ya juu, kuanzia kifuani kwenda shingoni, wana hatari yao ya pekee. Kibofu kikijaa au ngozi ikiumizwa mahali wasipohisi, shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla, kichwa kikawagonga na jasho likawatoka usoni. Hali hiyo ni ya dharura. Kibofu kimwagwe kabla ya kuingia, na dalili hizo zikitokea mtu atolewe majini mara moja, aketishwe wima na apelekwe hospitalini. Mwenye selimundu naye ayaogope maji baridi, kwani baridi huweza kumletea maumivu makali.

Wengi huulizia wasioweza kuzuia haja. Kwa mkojo, mtaalamu anaweza kupanga saa za kumwaga kibofu au kumfundisha mgonjwa namna ya kujikinga. Haja kubwa ikiwa haina mpango, maji ya watu wengi hayamfai mpaka mpango upatikane. Ni jambo la aibu kulizungumza, lakini ni afadhali lizungumzwe ofisini kuliko litokee mbele za watu.

Maji utayapata wapi?

Sasa una mazoezi yako na msaidizi wako. Katika miji yetu kuna vidimbwi vingi ambavyo siku za kazi, asubuhi na mchana, havina mtu: vya hoteli, vya shule, vya vyama vya vijana, vya viwanja vya michezo. Kiingilio chake aghalabu ni shilingi mia chache. Havina maji ya moto, na hiyo ndiyo kasoro yavyo. Hapa mgonjwa wa Nairobi afuate jua. Kati ya Januari na Machi, saa nane hadi saa kumi alasiri, maji huwa yameota. Kidimbwi cha watoto, kwa kuwa ni kifupi, huota jua haraka kuliko kile kikubwa, na mtu mzima anaweza kukaa humo chini akanyosha magoti, akazungusha nyayo na kufanya karibu nusu ya mazoezi yake. Mwombe meneja muda ambao watoto wako shuleni. Kuanzia Juni hadi Agosti, usijitese. Baridi ya Nairobi miezi hiyo si ya kumwingiza mgonjwa majini. Fanya mazoezi ya nchi kavu nyumbani.

Kabla ya kulipa, nenda ukapaone. Je, kuna ngazi pana zenye chuma cha kushika, au ni ile ngazi ya vyuma iliyosimama wima ambayo hata mwenye miguu mizima huipanda kwa taabu? Kiti cha magurudumu kinafika ukingoni? Mlango wa chumba cha kubadilishia nguo una upana gani? Sakafu inateleza? Mlinzi yupo, au amekwenda kunywa chai? Maji ni safi kiasi cha kuona vigae vya chini? Maji yasiyoonyesha chini usiyaingie hata ukipewa bure.

Watu wanne au watano wenye mahitaji yanayofanana wakienda pamoja kwa meneja, husikilizwa kuliko mmoja. Wanaweza kukodi saa moja kwa wiki, wakagawana malipo ya mtaalamu mmoja na hata teksi moja. Nauli, kwa kweli, ndiyo inayowashinda wengi kuliko kiingilio. Makanga huitisha nauli ya kiti cha magurudumu kana kwamba ni abiria wa pili, tena baada ya matatu tatu kupita bila kusimama.

Wakazi wa Pwani wamebarikiwa. Maji ya Bahari Hindi huwa kati ya nyuzi 25 na 29, na chumvi humwinua mtu zaidi kidogo kuliko maji ya bomba. Kipindi cha kaskazi, Novemba hadi Machi, bahari huwa tulivu na yenye joto kuliko wakati wa kusi. Chagua saa ambazo maji hayajajaa sana wala kupwa, mahali pa mchanga mtupu palipokingwa na miamba. Asiyehisi nyayo asiingie pekupeku, kwa sababu uribi za miba na matumbawe humkata asijue, na kidonda cha mguu usiohisi huchukua miezi kupona. Shida kubwa ni mchanga mkavu, ambao hukimeza kiti cha magurudumu. Itabidi watu wawili wa kubeba.

Na zile chemchemi za moto? Bogoria maji huchemka kabisa. Watalii huchemshia mayai. Magadi nako ni ya moto na yamejaa magadi yanayochoma ngozi laini na macho. Hizo si za tiba. Olkaria, karibu na Naivasha, kuna vidimbwi vilivyofunguliwa mwaka wa 2013 vinavyotumia maji ya mvuke wa ardhini. Maji yake ni mazuri, lakini viko ndani ya mbuga ya Hell's Gate, kwa hivyo hulipi kiingilio cha kidimbwi tu, bali cha mbuga pia, juu ya nauli ya zaidi ya kilomita 100 kutoka Nairobi. Nenda mara moja kwa mwaka ujifurahishe. Mpango wa kila wiki hauwezi kuwa huko.

Karai la nyumbani

Mwenye vidole vilivyokaza kwa baridi yabisi, au kifundo cha mguu kilichokaza baada ya kiharusi, haitaji kidimbwi. Karai kubwa au pipa lililokatwa nusu linatosha. Nairobi, sufuria moja ya maji yanayotokota ikichanganywa na sufuria nne za maji ya bomba hutoa nyuzi 35 hivi. Mombasa maji ya bomba tayari yana joto, kwa hivyo sufuria moja ya moto huchanganywa na nane za baridi. Anza kutia ya baridi, kisha ya moto, na pima kwa kiwiko cha mtu ambaye ngozi yake inahisi vizuri. Mwenye kisukari cha muda mrefu, ukoma, au ganzi ya aina yoyote asijipimie mwenyewe.

Kunja na kunjua vidole ndani ya maji kwa dakika kumi hadi kumi na tano, asubuhi, wakati mwili umekaza zaidi. Ikiwa mtaani kwenu mtungi wa lita 20 hununuliwa, maji hayo hayapotei bure. Yatafua au yatapiga deki.

Bima, kadi na haki zako

Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, na mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Kabla ya kuanza, uliza katika hospitali yenyewe kama kikao cha fiziotherapia kitalipiwa, vikao vingapi, na kama karatasi ya daktari lazima iandikwe kwa namna fulani. Wenye bima za kampuni waombe idhini kwa maandishi mapema. Daktari akiandika tu "tiba ya maji", karani wa bima huenda akaiona kama starehe ya hotelini. Akiandika jina la ugonjwa, kazi ambayo mgonjwa haiwezi, idadi ya vikao na lengo lake, ombi huwa na uzito mwingine.

Jisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Utapimwa kwanza katika hospitali iliyoidhinishwa. Kadi hiyo humwezesha mwenye mshahara kuomba msamaha wa kodi kwa sehemu ya mapato yake, na kwa wengi msamaha huo peke yake unaweza kulipia kidimbwi na nauli. Baraza pia husaidia kwa vifaa kama magongo na viti vya magurudumu. Familia zinazomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa na ambazo zimo katika mpango wa Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Sitamwambia mtu wa familia hiyo azitumie kwa vikao vya kibinafsi. Kwake, hospitali ya kaunti, karai na msaidizi aliyefundishwa ndio mpango.

Kuna pia wanaofukuzwa mlangoni. Mlinzi humwambia mwenye mguu uliokonda kwamba wateja watashtuka, au kwamba magurudumu yatachafua sakafu. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma kwa njia inayofaa. Omba jina la meneja, andika tarehe na maneno uliyoambiwa, kisha upeleke malalamiko kwa Baraza au kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Lakini nguvu za mgonjwa ni chache, na mara nyingine hutaka tu kuoga arudi nyumbani. Basi kundi lake limwandikie barua hiyo.

Siku ya kwanza

Anza kwa dakika kumi, si zaidi ya kumi na tano, mara mbili kwa wiki. Ukizoea, ongeza hadi nusu saa. Usiingie ukiwa umeshiba sana wala ukiwa na njaa. Unapotoka, toka polepole na ukae, kwa sababu mwili utakuwa mzito ghafla na shinikizo la damu huweza kushuka ukaona kizunguzungu. Kunywa maji, jikaushe, vaa nguo za joto, pumzika kabla ya kutafuta matatu. Waliowahi kuugua polio na sasa wanaona udhaifu mpya uzeeni wawe waangalifu zaidi, maana kwao kufanya kupita kiasi huwarudisha nyuma.

Uchovu kidogo ni wa kawaida. Maumivu yakizidi yale ya kawaida na yakidumu zaidi ya saa mbili baada ya kutoka majini, ulifanya mengi. Siku ifuatayo punguza nusu. Yakidumu hadi kesho yake, acha na umwone mtaalamu. Andika katika kijidaftari tarehe, dakika ulizokaa, mazoezi uliyoyafanya na jinsi ulivyolala usiku huo. Ukirudi kwake baada ya miezi mitatu, mkabidhi kijidaftari hicho kabla hajaanza kukuuliza maswali.